Gari ya yadi, ya kuagiza au ya mkononi: ikitoka mbovu, haki yako iko wapi?

Mtu akitaka gari, awe Unguja au Pemba, hulinganisha bei kwanza. Vitz ya yadi ni kiasi hiki, ukiagiza mwenyewe Japani inapungua, ukiipata mkononi kwa mtu aliyeichoka inapungua zaidi. Hesabu hiyo haina ubaya mpaka siku giaboksi inapoanza kuteleza, au AC inapoanza kupuliza joto katikati ya kaskazi. Hapo maswali yanakuwa mengine: namwendea nani, nina nini mkononi cha kumuonyesha, na huyo mtu anaweza kulazimishwa kunipa nini? Nitazilinganisha njia hizi kwa maswali hayo matatu. Bei kila mtu anaijua ya mfukoni mwake.

Kwanza tuondoe jambo moja linalowachanganya wengi. Mtandaoni yamejaa maelezo kwamba gari ikiwa mbovu unairejesha ndani ya siku 30 na kupewa pesa zako zote. Ni kweli, kwa Uingereza. Sheria yao ya haki za mtumiaji ya 2015 inatoa siku hizo, na ubovu ukijitokeza ndani ya miezi sita unahesabiwa kuwa ulikuwepo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vingine. Ukienda yadi ya Mwanakwerekwe na siku 30 za Waingereza utachekwa tu. Tuangalie zetu.

Sheria za hapa, na mizani ya pili

Sheria ya mauzo ya bidhaa tuliyorithi inafuata misingi ya ile ya Uingereza ya 1893, ya kabla hata gari hazijaenea duniani. Kwa lugha ya barazani inasema hivi: muuzaji awe na haki ya kukiuza anachokiuza, kitu kilingane na maelezo yake, akiwa ni mfanyabiashara wa vitu hivyo, kiwe katika hali ya kuuzika, na ukimweleza unakitaka kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kiifae kazi hiyo. Ukikuta sivyo unaweza kukikataa. Lakini ukikaa nacho muda mrefu kupita kiasi bila ya kusema kitu, unahesabiwa umekipokea, na kinachobaki ni kudai fidia tu.

Ndani yake mna milango miwili ambayo wenye yadi wanaijua vizuri. Mmoja: ubovu ambao ungeonekana kwa ukaguzi ulioufanya mwenyewe, huo ni wako. Wa pili: nyinyi wawili mnaweza kukubaliana kwa mkataba kwamba ulinzi huo haupo. Ndiyo maana kwenye mikataba mingi utaukuta mstari kama huu: "Mnunuzi ameikagua gari, ameijaribu na ameridhika nayo kama ilivyo." Husainiwa kwa haraka, funguo zikiwa mezani na moyo umeshafika nyumbani. Mstari huo mmoja unamfungulia muuzaji milango yote miwili kwa pamoja.

Juu ya hiyo ipo Sheria namba 5 ya 2018 ya ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, iliyounda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ZFCC. Hiyo inamshika mfanyabiashara anayepotosha wateja.

Halafu ipo sheria ya mikataba, Sura ya 149, iliyochukuliwa kutoka ile ya India ya 1872, na humo mna jambo linalowaangusha wengi. Kusema uongo kunautia mkataba dosari, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Kunyamaza tu, kwa kawaida, si udanganyifu. Muuzaji anayejua kwamba injini iliwahi kuchemka, akakaa kimya kwa sababu hukumuuliza, ana pa kujitetea.

Wengi wetu hapa tuna mizani ya pili, nayo inapima vingine. Katika fiqhi ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, kuficha aibu ya bidhaa, yaani kasoro unayoijua, hakufai, hata kwa kunyamaza. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla ya kukabidhiwa, yenye kupunguza thamani, ana hiari ya kurejesha, kwa sharti asicheleweshe baada ya kugundua. Na kauli ya "nimekuuzia na kila aibu yake" haimuokoi aliyeficha anachokijua. Ipo pia hiari ya sharti: mnakubaliana tangu mwanzo kwamba mnunuzi ana siku, zisizozidi tatu, za kushika au kuacha. Wenye yadi wengi ni watu wa msikitini, na ukizungumza nao kwa lugha hii hawashangai. Lakini mahkamani hiari hiyo itakufaa ikiwa imeandikwa kwenye mkataba, sheria inawaruhusu kukubaliana hivyo, kwa hiyo iandikeni: "Mnunuzi ana siku tatu za kuipeleka gari kwa fundi wake, akiirejesha ndani ya siku hizo katika hali aliyoichukua, atarejeshewa pesa zake." Yadi ikikataa sentensi hiyo kabisa, umeshajua kitu kuhusu gari ile.

Yadi ya hapa

Nguvu ya yadi ni moja: mtu yupo. Ana geti, ana leseni ya biashara, ana jina analolilinda, na kesho atataka kumuuzia ndugu yako. Sheria nayo inambana zaidi, kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara wa magari na hawezi kusema hakujua anauza nini.

Udhaifu wa yadi ni kwamba si kila gari iliyomo ni yake. Nyingine zimewekwa pale na wenyewe ili ziuzwe kwa kamisheni. Ukinunua ya namna hiyo, muuzaji wako kwenye karatasi ni mtu usiyemjua anayeishi Jang'ombe au Dubai, na yadi itasema, "Sisi tulikuwa wakala tu." Uliza jina la nani litaandikwa mahali pa muuzaji. Likiwa la mtu mwingine, gari hiyo ihesabu kuwa ni ya mkononi, hata kama imeoshwa na kupangwa kwenye mstari na nyenzake, na bei yake ishuke ipasavyo.

Kwa kuwa kunyamaza kunamlinda muuzaji, usimpe nafasi ya kunyamaza. Kabla ya kulipa chochote, hata kishika, tuma ujumbe wa WhatsApp ulio wazi:

"Asalaam alaikum sheikh. Ile Noah nyeusi tuliyoizungumza jana: injini au giaboksi imewahi kufunguliwa? Kilomita zilizo kwenye dashibodi ni za kweli? Imewahi kupata ajali au kuingia maji? Kodi zote zimelipwa? Nakusudia kuifanyia kazi ya watalii, Mjini na Nungwi kila siku."

Sentensi ya mwisho si maongezi. Umemweleza kazi unayoitakia, na akikuuzia gari isiyoiweza kazi hiyo ana la kujibu. Akikuandikia "Gari safi sana sheikh, we njoo tu," ujue hajajibu. Hizo ni sifa za biashara na hazimfungi. Muulize tena, moja moja. Akijibu "haijafunguliwa, kilomita za kweli," umepata maelezo ambayo gari inatakiwa ilingane nayo, na likitokea la kutokea huo ndio ushahidi wako. Uhifadhi, usiufute pamoja na picha za harusi.

Dhamana ya mdomo ya yadi, ile ya "injini na giaboksi wiki mbili", ina thamani ikiandikwa mambo manne: spea analipa nani, ufundi analipa nani, fundi ni wa nani, na siku gari ikiwa gereji zinahesabiwa au hazihesabiwi. La mwisho hilo ndilo linalomaliza dhamana nyingi: gari inakaa kwa fundi wao siku kumi, inarudi na mlio uleule, na wiki mbili zimekwisha.

Kuagiza mwenyewe Japani

Hapa mambo yanageuka. Hakuna gari inayokuja na maelezo mengi kama ya Japani, na hakuna muuzaji aliye mbali kama huyo.

Karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya mnada wa Japani ambako muuzaji wako aliinunua gari, inakupa alama ya jumla: 4.5 na 4 ni gari nzuri zilizotunzwa, 3.5 imechoka kidogo, na R au RA ni iliyopata ajali ikatengenezwa. Pembeni mna mchoro wa gari wenye herufi za mikwaruzo, mibonyeo na kutu. Iombe karatasi yenyewe, usiridhike na muhtasari wa muuzaji, kisha uihakiki kwa namba ya chesisi, kwa sababu karatasi za kughushi zipo. Kilomita zilinganishe na zile zilizoandikwa kwenye cheti cha kuondolewa usajili Japani. Zisipolingana, acha.

Gari ikifika na kasoro, hata hivyo, unakuwa na karatasi nzuri ya kumuonyesha mtu asiyeweza kuonekana. Mnada una muda wake wa malalamiko, ila ni mfupi, na ni haki ya mwanachama aliyenunua pale, siyo yako. Mkataba wa muuzaji wa nje kwa kawaida unasema gari inauzwa kama ilivyo. ZFCC haina mkono wa kufika Yokohama, na kesi ya Vitz huko itakula Vitz tatu. Unachobaki nacho ni utaratibu wa malalamiko wa kampuni yenyewe: wapo wanaotoa punguzo kwa gari ya pili, wapo wanaorejesha sehemu ya pesa ikiwa gari hailingani na picha zao, na wapo wanaoacha kujibu. Kwa hiyo ukaguzi wa muuzaji unafanyika kabla. Chama cha kampuni za Japani zinazouza magari ya mitumba nchi za nje, JUMVEA, kina orodha ya wanachama. Asiyekuwemo humo, na anayetaka pesa ziingie kwenye akaunti ya mtu binafsi, mwache.

Bima iliyomo kwenye bei ya CIF, yaani bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, watu huielewa vibaya. Hiyo ni ya safari: meli, dhoruba, kupondeka. Giaboksi mbovu haimo. Vivyo hivyo cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, kabla ya gari kusafirishwa: kinasema siku ile gari ilifikia kiwango cha kuingia barabarani. Si dhamana ya wewe kuitumia mwaka mzima.

Gari ikishushwa, piga video kabla haijasogezwa: pande zote, dashibodi ikiwa imewashwa, ndani ya buti, jeki na tairi la akiba. Vitu hupotea njiani, na ugomvi wa meli, bandari na wakala wa klirini hauna mwisho kwa asiye na video.

Kuna na ubovu mwingine ambao karatasi ya mnada haiutaji: mifuko ya hewa ya Takata. Iliitwa kurekebishwa kwa mamilioni duniani kote, kwa sababu baruti iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na mfuko ukifunguka unaweza kurusha vipande vya chuma usoni. Joto na unyevu ndio hali yetu ya kila siku. Namba ya chesisi unaiangalia bure kwenye tovuti ya mtengenezaji. Ikionyesha kazi haijafanywa, mtake muuzaji aimalize hukohuko Japani kabla ya gari kupakiwa. Ikishafika hapa, kumpata wa kukufanyia ni kazi nyingine.

Ipo njia ya katikati: kampuni ya hapa inayokuagizia. Inaonekana kama yadi, lakini soma mkataba wake. Ukisema "tunakuuzia", wao ni wauzaji na unawashika. Ukisema "tunakusaidia kuagiza", umelipia huduma ya makaratasi na ubovu wa gari ni wako na Mjapani.

Mkononi, na dalali katikati

Mtu binafsi si mfanyabiashara wa magari, kwa hiyo ile kanuni ya kitu kuwa katika hali ya kuuzika haimshiki, na mlango wa ZFCC kwake ni mwembamba. Yanayobaki ni matatu: kitu kiwe chake, kilingane na maelezo yake, na asikudanganye. Kwa malipo ya udhaifu huo unapata kitu ambacho yadi haina, yaani historia. Unaweza kumuuliza fundi wake, jirani yake, hata mtoto wake anayeipeleka skuli.

Uliza ilikuwa ikilala wapi. Gari iliyofanya kazi Paje au Nungwi, ikioshwa kwa maji ya chumvi na kuegeshwa mchangani, huliwa na kutu kutoka chini wakati rangi ya juu inang'aa. Iinue, tazama chesisi na mikono ya shokapu. Ukishaitazama na ukainunua, kutu hiyo huwezi kuilalamikia tena, lakini unaweza kuishushia bei.

Dalali ndiye anayesema maneno matamu kuliko wote, na hafungwi na hata moja. Kila analolisema, mwenye gari alirudie mwenyewe na liingie kwenye karatasi ya mauziano, mbele ya wakili au kwa sheha, na mashahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kosa kubwa la mkononi si la injini, ni la umiliki. Gari iliyoingia kwa msamaha wa kodi, ya mradi au ya mwekezaji, haiuzwi tu kienyeji. Kodi inaweza kukufuata wewe. Jina la kwenye kadi liwe la anayesaini. "Ya kaka yangu yuko Oman" haitoshi, alete hati ya uwakala ya kisheria iliyoandikwa.

Kutoka Bara, na kwa murabaha

Ukinunua yadi ya Dar es Salaam, sheria ni za Bara: Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yao, FCC. Haki si dhaifu, ila kila malalamiko ni tiketi ya boti, na kuna mambo ya kodi na usajili ya kuuliza kabla hujavusha. Kwa murabaha, kumbuka kwamba benki ndiyo imenunua kisha ikakuuzia. Muuzaji wako ni benki. Soma kipengele cha aibu. Mara nyingi wanakutaka ukubali kwamba wewe ndiye uliyeichagua gari.

Mnunuzi wa Pemba

Huyu ana hesabu yake. Yadi nyingi ziko Unguja, na ubovu hujitokeza akishavuka. Gari imejaribiwa kwenye barabara tambarare ya Unguja, imepakiwa meli ya Sealink, imeshuka Mkoani, na kwenye mlima wa kwanza tu kuelekea Chake inachemka. Kuirejesha ni nauli ya gari kwenda, nauli yako, na siku za kazi. Mwenye yadi anajua hilo, na ndiyo maana sauti yake kwenye simu imetulia.

Kwa wa Pemba, siku tatu zianze kuhesabiwa gari inaposhuka Mkoani au Wete, siyo inapotoka getini, na mkataba useme nauli ya kurudi ni ya nani. Mwenye yadi akikataa yote mawili, basi nafuu mnunuzi amlipe fundi wa Pemba nauli ya kwenda kuikagua Unguja. Ni pesa ndogo kuliko meli ya gari.

Ningechagua ipi

Kwa anayetaka gari ya kazi, isiyolala siku moja bila kumlisha, ningemwambia yadi ya hapa, gari iwe yao wenyewe, na sentensi ya siku tatu. Ile tofauti ya bei na Japani ni malipo ya kuwa na mtu wa kumkamata. Kwa mwenye subira, mwenye kujua kusoma karatasi ya mnada na anayeweza kubeba hasara ya matengenezo bila ya kukopa, Japani inatoa gari bora kwa pesa ileile. Mkononi ningenunua kwa mtu ninayemjua au anayejulikana na ninayemjua. Kwa mgeni aliyeletwa na dalali, hapana, hata bei ikiwa ya kuchekesha.

Ubovu ukishatokea

Usikubali fundi wako aifungue giaboksi kabla muuzaji hajaiona. Kesi nyingi hufa hapo: ikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi wako ndiye aliyeiharibu, na huna la kumjibu. Chukua video ya mlio, taa na kilomita, iegeshe, na umwandikie siku hiyohiyo: ubovu ni huu, umeonekana tarehe hii, nataka hiki. Kila siku unayoendelea kuiendesha inahesabiwa kuwa umeipokea. Kinachodaiwa kiwe kimoja na kiwe na kiasi, ama kurejesha gari, ama gharama ya matengenezo kwa makisio ya fundi aliyeandika na kusaini, ama punguzo la bei. Muuzaji anayekimbia neno "rejesha" mara nyingi huketi kwenye punguzo.

Asipojibu, kwa yadi nenda ZFCC na nakala za mkataba, stakabadhi na ujumbe, kabla ya mahkama. Mwenye biashara huogopa kuitwa na tume kuliko kuandikiwa na wakili wako. Kwa mtu binafsi anza kwa sheha, kwa wazee wa pande mbili, kisha mahkama ikibidi. Na kama ulisaini ule mstari wa "ameridhika nayo kama ilivyo", usikate tamaa mapema: rudi kwenye WhatsApp uangalie aliandika nini ulipomuuliza kuhusu injini.